Kinanda cha papo kwa papo: uanze na sikio, nota au simu?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani Mikindani anasubiri matokeo, na sebuleni kuna kinanda cha vibonye 61 alichoazimwa na kwaya ya vijana. Juzi kanipigia simu: "Mjomba, nataka wimbo ukiisha na watu bado wamesimama, niendelee mwenyewe bila kukariri. Nianze na nota, au nikakae na mtu nimsikilize? Au hizi video zinatosha?"

Nilimjibu kwa dakika mbili nikakata simu, kisha jibu likanikera usiku kucha. Kwetu mjomba akiulizwa hana ruhusa ya kujibu hovyo. Nilimjibu kama vile njia ni moja, wakati ni tatu, na kila moja nimeona inapomfikisha mtu na inapomwachia njiani. Ndiyo maana naziweka hapa ubavu kwa ubavu, kwa ajili yake na kwa yeyote wa Mtwara au Lindi mwenye kinanda ndani na swali hilohilo.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachotafutwa. Mfikirie mshereheshaji wa harusi ambaye bibi harusi bado yuko saluni. Ukumbi umejaa, saa mbili imepita, na yeye ameshika kipaza sauti. Hatungi kila neno kutoka hewani. Ana vichekesho vyake kumi na viwili, anajua ni meza ipi akiitaja itapiga vigelegele, na ratiba ya shughuli iko kichwani kiasi kwamba bibi harusi akiingia wakati wowote, anajua pa kumpokelea. Mpiga kinanda anayebuni papo kwa papo ni mtu huyohuyo. Vichekesho vyake ni vipande vifupi vya mahadhi ambavyo vidole vimevizoea. Ratiba yake ni kodi (si zile za mapato; ni sauti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja) na namna zinavyofuatana. Mwenye vipande bila ratiba hupotea, na mwenye ratiba bila vipande hukauka. Njia hizi tatu zinatofautiana hasa katika kipi kati ya hivyo viwili zinakupa mapema.

Sikio

Mimi nilipita huku. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nakaa kulia kwa mpiga kinanda mkongwe wa kwaya yetu, kazi yangu ni kumshikia tochi umeme ukikatika. Hakuwahi kunieleza chochote zaidi ya maneno manne: "Tazama mkono wa kushoto." Nikautazama. Mapambio kumi ya mwanzo yalikuwa na sehemu tatu tu za kuutua mkono ule: do, fa na so. Siku nilipogundua kwamba ninaweza kukisia mkono utahamia wapi kabla haujahama, nilijua nimeshaingia ndani.

Uzuri wa sikio ni kwamba furaha inakuja mapema. Ndani ya miezi michache unasindikiza watu wanaoimba, na ukishawasindikiza unaanza kuchomekea: kipande hapa waimbaji wanapovuta pumzi, kipande pale kabla ya kiitikio. Mwendo nao unakaa mwilini, jambo ambalo kitabu hakikupi. Mtu aliyekua akisikia sindimba hahitaji kuelezwa kwa hesabu jinsi mkono mmoja unavyoweza kupiga sita na mwingine ukahesabu mbili. Mabega yake yanajua tayari.

Na usiambiwe kwamba sikio ni njia ya wasiosoma tu. Erroll Garner, mpiga piano wa jazi wa Marekani aliyezaliwa 1921, hakuwahi kujifunza kusoma nota, na alijaza kumbi kubwa hadi Ulaya. Abdullah Ibrahim wa Cape Town, aliyezaliwa 1934, alikulia kwenye nyimbo za kanisa, na ukimsikiliza hata leo unazisikia kodi za kanisani zikitembea chini ya kila anachobuni.

Lakini sikio lina ugonjwa wake, na mimi niliugua hadharani.

Nilikuwa najua vidole vya ufunguo wa C peke yake, yaani do ikiwa C. Mwalimu wa kwaya akisema wimbo uko E bemoli, nabonyeza transipozi (kitufe cha kupandisha au kushusha sauti za kinanda chote) mara tatu, kinanda kinapanda nusu toni tatu, yaani vibonye vitatu, naendelea na vidole vyangu vya C. Hakuna aliyejua. Jumapili moja umeme ukakatika katikati ya beti la pili. Kwaya haikusimama, ngoma na sauti ziliendelea, na mimi nikabaki nimekunja mikono. Kiitikio cha mwisho kinakaribia, taa zikawaka. Nikawasha kinanda, nikanyanyua mikono yote miwili kwa majivuno kabisa, nikaingia. Vinanda vingi vikizimwa, transipozi hurudi sifuri. Kwaya nzima iko E bemoli, mimi niko C, spika mbili zimefunguliwa. Waimbaji wa sauti ya kwanza waligeuza shingo pamoja kama waliofanya mazoezi. Nilikiona kitufe, nikajua tatizo ni nini, na sikuweza kufanya lolote zaidi ya kuondoa mikono.

Transipozi ni gongo la mlemavu ambaye angeweza kutembea. Ukipita njia ya sikio, ugonjwa wako utakuwa huo: unajua kitu sehemu moja tu, na hujui jina lake, kwa hiyo huwezi kukihamisha. Pia utajikuta umebuni kitu kizuri Jumatano, na Jumapili huwezi kukirudia kwa sababu hukujua ulifanya nini.

Nota

Mwenzangu tuliyepokezana naye kinanda alifundishwa kwa nota tangu akiwa mdogo. Ukimwekea karatasi ya sauti nne asiyoiona maishani, anaipiga mara ya kwanza, safi, katika ufunguo wowote. Nilimwonea wivu kwa miaka.

Kisha ikaja misa ya mavuno. Msimu wa korosho ulikuwa mzuri, na msururu wa matoleo ulianzia mlangoni: mabeseni ya korosho, mihogo, kuku wamefungwa miguu, mtu na mbuzi wake. Wimbo ulikuwa na beti nne. Beti nne zikaisha, msururu bado uko nusu. Mwalimu wa kwaya akamzungushia kidole hewani: endelea. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, niliona kila kitu. Akatazama kitabu. Akafunua ukurasa, akakuta wimbo mwingine, akarudisha. Akaanza beti la kwanza tena, nota kwa nota, mpaka la nne. Kidole kikazunguka tena. Alipoanza mara ya tatu, akina mama waliokuwa wakicheza na mabeseni kichwani walishaacha kucheza, wanatembea tu. Mpiga ngoma ndiye aliyetuokoa.

Mtu yule alikuwa na ratiba yote, kamili, lakini ya wimbo mmoja mmoja. Hakuwa na kichekesho hata kimoja cha kwake.

Sasa, wengi wakisikia kisa hiki husema nota zinaua ubunifu. Si kweli. Mwaka 1747 Johann Sebastian Bach alifika Potsdam kwa mfalme Frederick wa Prussia. Mfalme akampa mahadhi, na Bach akabuni palepale fuga ya sauti tatu juu yake, yaani sauti zinazoingia moja baada ya nyingine kwa mahadhi yaleyale. Na yule aliandika nota nyingi kuliko wengi. Olivier Messiaen wa Ufaransa, mtunzi aliyefundisha chuo cha muziki cha Paris, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la La Trinité tangu 1931 hadi alipofariki 1992, na wakati wa misa alikuwa akibuni. Shida hiihii ya wimbo kuisha kabla ya ibada kusogea, kule waliifanya fani.

Tatizo ni jinsi nota zinavyofundishwa kwetu: unapewa wimbo wote, umeshapikwa, kazi yako ni kuupakua. Kule Napoli, karne ya 18, walifanya kinyume. Shule zao za muziki zilianza kama nyumba za yatima, na watoto wale walifundishwa muziki kama fundi anavyomfundisha kijana wa karakana, kwa sababu ulikuwa ujira wao wa kesho. Mwanafunzi alipewa mstari wa besi peke yake. Sauti za juu aziweke mwenyewe, palepale, mwalimu akisikiliza. Anayekua hivyo anasoma na kubuni kwa mkono uleule.

Unaweza kufanya hivyo leo ukiwa Shangani, Nachingwea au Ndanda, bila kulipa mtu. Chukua kitabu chako cha kwaya, funika sauti tatu za juu kwa karatasi, acha besi. Anza na besi hii rahisi: do, la, fa, so, kisha urudi do. Mkono wa kulia uanze na do-mi-so. Besi ikienda la, usirushe mkono. Do na mi zibaki, so tu ipande iwe la. Besi ikienda fa, do na la zibaki, mi ipande iwe fa. Besi ikipanda so, sasa sauti zote tatu zishuke hatua moja moja au mbili: do iwe ti, fa iwe re, la iwe so. Mwisho, besi ikirudi do, so inabaki na zile mbili zinapanda kurudi nyumbani. Umezunguka kodi nne na mkono wako haujaondoka mahali ulipokaa. Piga mzunguko huo mpaka uweze kuzungumza na mtu huku ukiupiga. Baada ya hapo, kila sauti inapohama, pitisha nota moja katikati, au ichelewe kidogo, au iguse ya jirani na kurudi. Huko ndiko kubuni kunakoanza, na hakuna aliyekukataza kusoma.

Wenye kwaya za solfa mna mali ambayo hamuijui. Mfumo ule ulioenezwa na John Curwen, Mwingereza wa karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, una do inayohama. Mwanakwaya aliyezoea kuimba d, r, m, f tayari anasikia kila sauti kwa nafasi yake, si kwa jina la kibonye, na hilo ndilo wapiga piano wa nchi nyingine hulifanyia mazoezi ya miaka. Kilichobaki ni kuvionyesha vidole do iko wapi leo.

Simu

Hapa sitakawia. Video zile za vipande vya rangi vinavyodondoka juu ya vibonye zinakufundisha kunakili vidole vya mtu. Utapiga wimbo mmoja, ukikosea sehemu moja umekwama, kwa sababu hujui kwa nini kidole kilikuwa pale. Na kinanda cha kwenye kioo cha simu hakina uzito, hakijui umegusa taratibu au kwa nguvu, hivyo vidole havijifunzi kitu.

Ila simu ni msaidizi mzuri wa njia nyingine mbili. Itumie kupunguza kasi ya video hadi nusu ili usikie mkono wa kushoto. Itumie kupiga mdundo usiochoka huku wewe ukibuni juu yake. Zaidi ya yote, jirekodi. Mimi nilidhani nachomekea vizuri mpaka niliposikiliza rekodi ya dakika tano na kukuta nimepiga kipande kilekile mara kumi na tisa. Bando likiwa dogo, pakua video mbili tatu zenye maelezo ya kodi na uzitazame mwezi mzima, badala ya kuruka kutoka moja hadi nyingine kila usiku.

Ukizisimamisha pamoja

Anayetaka kusindikiza watu ndani ya miezi michache, sikio linashinda na wala si kwa mbali kidogo. Anayetaka siku moja ahame kutoka C kwenda A bemoli katikati ya wimbo bila kugusa kitufe, nota na kodi za namba (kodi inayoitwa ya kwanza, ya nne au ya tano kwa nafasi yake katika ufunguo) ndizo zitakazomfikisha, lakini mwaka wa kwanza utakuwa mkavu. Simu peke yake haikufikishi popote kati ya hapo.

Kwa gharama, sikio linadai muda wa mtu mwingine: lazima awepo mpigaji anayekubali ukae naye, na si kila mpigaji anapenda kutazamwa mikono. Nota zinadai mwalimu, walau wa mwanzo. Mjini Mtwara, Lindi au Masasi ukiuliza kwenye kwaya utampata mtu. Ukiwa kijijini huko Newala au Liwale, huenda kitabu cha solfa na mwalimu wa kwaya ndiyo shule yote uliyonayo, na inatosha kuanzia.

Kama unachotaka ni sebene, ule mzunguko wa kodi ya kwanza, ya nne na ya tano unaorudi na kurudi, usipoteze muda kwenye karatasi. Kodi ni tatu; kazi yote iko kwenye mwendo na vipande, na hivyo huvunwa kwa kusikiliza. Kama unachotaka ni taarabu, hali ni nyingine tena. Taksimu, pale mpigaji anapobaki peke yake akitembea ndani ya makamu (ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu), haina kodi chini yake, na baadhi ya makamu zina sauti zinazoangukia katikati ya vibonye viwili. Kinanda cha kawaida hakina sauti hizo; vipo vilivyotengenezwa kwa muziki wa Kiarabu ambavyo unaweza kuvishusha robo toni. Huko mwalimu ni sikio, na mkongwe wa kukaa naye.

Kuhusu kifaa, 61 zinatosha kabisa kuanza. Ni oktava tano. Piano kamili ina vibonye 88, lakini piano ya nyuzi ina nyuzi zaidi ya mia mbili za chuma, na upepo wetu wa bahari na chuma hawajawahi kuwa marafiki. Mafundi wa kuirekebisha sauti nao si watu wa kukutana nao Soko Kuu. Ukinunua kinanda, jaribu jambo moja kabla ya bei: gusa kibonye taratibu, kisha kwa nguvu. Kikitoa sauti ileile mara zote mbili, kiache. Huwezi kujifunza kuzungumza na kitu kinachopiga kelele tu.

Nani achague nini

Nikiwa na mtu aliyeketi mbele yangu, simuulizi anapenda njia ipi. Kila mtu anapenda ile anayoiweza tayari. Mwenye sikio zuri atakuja na sababu kumi za kutosoma, na msomaji atasema ngoja nimalize kitabu cha tatu kwanza. Ninamuuliza ni wapi aliaibika mara ya mwisho. Kama aliaibika kama mimi, kwa kutojua yuko ufunguo gani, ninampeleka kwenye kodi za namba: wimbo mmoja anaoujua sana, aupige katika C, kisha G, kisha F, kisha D, na transipozi nimeibandika gundi ya karatasi juu. Mimi ilinichukua miezi minane, na sehemu kubwa ya miezi hiyo niliichukia. Kama aliaibika kama mwenzangu, ninamnyang'anya kitabu. Kwake nilifanya hivyo kwa ruhusa: Jumamosi baada ya mazoezi tulikuwa tunabaki wawili, mimi napiga kodi tatu, yeye anaruhusiwa nota tatu tu za mkono wa kulia, do, re na mi, dakika tano bila kusimama. Siku ya kwanza alitoka jasho. Mtu wa kupiga fuga, akitetemeshwa na do-re-mi.

Na asiyeaibika bado, kama mpwa wangu, kwa sababu hajawahi kupiga mbele ya watu? Huyo nampeleka kwenye vibonye vyeusi. Viko vitano katika kila oktava, viwili kisha vitatu. Cha kwanza kati ya vile vitatu kiite do. Vinavyofuata ni re na mi, kisha vile viwili vya juu ni so na la. Kati yao hakuna hata nusu toni moja, kwa hiyo hakuna viwili vitakavyogombana sana hata ukikosea. Mkono wa kushoto ushike do na so, uziachilie zilie. Wa kulia utembee popote kwenye vyeusi. Ukianzia do inasikika ya furaha. Ukianzia na kumalizia la, inahuzunika. Wiki mbili za hivyo, robo saa kila siku, kisha ahamie vyeupe na zile kodi nne za besi, akiwa ameshajua kwamba mikono yake ina la kusema.

Nilimpigia tena kumwambia yote haya, na kumwomba msamaha kwa yale ya dakika mbili. Jumanne usiku akanipigia yeye, akaiweka simu juu ya kinanda bila hata salamu. Nikasikia vyeusi, polepole, do na so zikivuma chini, na upande wa kulia kipande kifupi kinachopanda, kinasita, kinashuka. Akakirudia. Mara ya tatu akakigeuza mwisho. Nikamwuliza kile cha mwisho amekitoa wapi.

"Sijui, mjomba."

"Basi kitafute tena kabla hujalala, na kesho unipigie ukiwa umekihamishia G."